Kwenye Baraza, Nizwa

Tiketi mbili. Ya mama bure:
kijana wa dirishani hakumwuliza umri,
alitazama tu alivyoushika ukuta.

Hapa ndipo ilipokaa serikali zamani, nasoma kibaoni,
kabla pwani haijaichukua.
Mama hasomi vibao. Anaupapasa udongo
kama apimaye kitambaa dukani.
"Umepakwa vizuri huu," asema,
"na mtu asiyelipwa vizuri."

Ngazi za mnara zimepindwa makusudi.
Kila kona mlango, kila mlango na tundu juu yake,
na Mundhir, mwongoza wageni, anafurahi kupita kiasi
kutueleza asali ya tende ilivyochemshwa
ikamiminwa vichwani mwa wasiotakiwa.
Watu wanacheka, wanainua simu.
Nami nainua uso, nalitazama:
dogo kuliko nilivyodhani,
jeusi, na kingo zake zimelainika.

Mama aligoma ngazi ya tatu.
"Magoti yangu si askari. Nenda wewe."

Basi nikapanda peke yangu hadi kwenye mizinga.
Mitende, mitende, paa la msikiti,
matangi ya maji, nguo za mtu zimeanikwa,
na jua limekaa juu ya vyote bila kuombwa.
Hivi ndivyo walivyoiona raia, nikawaza:
kwa juu, na kwa mbali, kila mtu utosi.

Nilimkuta chini, mbele ya chumba cha hukumu.
Ndani zulia, mito, dele la kahawa lisilo kahawa,
kamba nyekundu mlangoni.
Nje baraza ya mawe, walipongoja wenye shida zao.
(Kwetu baraza ni jiwe la kukalia
na ni serikali pia. Neno moja.
Labda waliotuachia walijua
nani hukaa wapi, na kwa muda gani.)

Amevua viatu, kavipanga sawasawa.
Anazungumza na mto mtupu
kwa Kiswahili cha Micheweni,
kile asichokitumia mbele ya shemeji zake:

"Naitwa Mwanakheri.
Mwaka wa sabini na nne nilifika Matrah,
nina mkoba mmoja na homa.
Karani kaandika Kheriya.
Nikamwambia siyo. Kanambia ni mamoja.
Si mamoja, bwana kadhi.
Kheri kaibakisha, namshukuru.
Mwana kamtupa wapi?"

Nikasimama nyuma ya nguzo
na tiketi zimelowa mkononi.
Miaka hamsini namjazia fomu,
Kheriya, Kheriya, kwa herufi kubwa,
hospitali, benki, pasi ya Hija,
sijamwuliza hata siku moja.

Mundhir akashuka, akasema kwa upole,
"Khala, hapa ni mahali pa maonyesho."
Mama akamjibu kwa Kiarabu cha mle mle Nizwa,
kilichonyooka kama uzi wa fundi:
"Na miye naonyesha."
Akakaa dakika tano zaidi. Nilizihesabu.
Mundhir naye akakaa, mwisho mwingine wa jiwe,
akaiweka kofia yake sawa, akanyamaza.

Mlango wa kutokea pana kitabu cha wageni,
kalamu imefungwa kwa uzi, kana kwamba itatoroka.
Aliandika polepole, kwa herufi za chuoni,
mim, waw, nun, akilamba mdomo kama mtoto:
jina zima, na la babake, na la babu.
Safu ya nchi akairuka
kama mtu arukavyo dimbwi.

Tulinunua halua, ile ya zafarani.
Garini viti vilikuwa vinaunguza,
akatandika mtandio wake, akalala, au alijifanya.
Tulikuwa tumeshaipita Izki
aliponiuliza, macho bado kayafumba:
"Ule wino wao, unadumu?"