Moja Hadi Tano

Nevija amekuja na karatasi, maswali ishirini na sita.
Kila jibu, anasema, ni namba:
moja ni hapana kabisa, tano ni tele.
Nje inavuma bura, upepo wetu wa Rijeka
unaong'oa vigae na kuwafundisha wazee
kutembea upande upande kama kaa.

"Umeridhika na usingizi wako?"
Nalala kama gunia lililoshushwa gatini.
Tangu sindano ya kila mwezi, ndoto zimehama
bila kuacha anwani. Andika tatu.

"Una nguvu za kutosha?"
Vidole hutetemeka, kikombe huimba juu ya kisosi.
Kilo kumi na tisa nimeongezewa, sikuziomba.
Lakini saa moja asubuhi niko kwenye dobi la ushirika
napiga pasi mashuka ya jengo lile lile nililofungiwa,
nayanyoosha mpaka yasimkumbuke mtu.

"Marafiki?"
Wenzangu wa chuo cha ubaharia walianza kuvuka barabara
mwaka ule niliposema redio inanitaja.
Siwalaumu. Ilikuwa inanitaja.
Sasa yupo bibi Ondina wa ghorofa ya pili,
hunigongea taa yake ikiungua:
"Zdravko, njoo, wewe ni mrefu."
Si mgonjwa, si shujaa. Mrefu.
Hilo nalo lina namba?

"Na wale?" Swali hili halimo, ameuliza mwenyewe.
Wapo. Wawili wamestaafu.
Wa tatu, mhesabu ngazi, bado tunapanda naye,
hamsini na nane kila jioni, hajakosea hata moja.
Jana alinyamaza kwenye ya arobaini.
Nikasimama, kiganja ukutani, nikimngoja,
nisijue kama ni nafuu au msiba.

"Maisha yako yana maana kiasi gani?"
Nimetoa ufunguo mfukoni, nimeulaza juu ya karatasi.
Miaka kumi na mmoja mlango wangu ulifungwa kwa nje.
Huu hufunga kwa ndani.
Naweza kumfungulia mtu. Naweza kutomfungulia.
Naweza kusahau maharage jikoni yakaungua,
na yakawa maharage yaliyoungua,
si dalili.

Ameandika kitu. Sikuchungulia.
Nimemletea kahawa, kikombe kikiimba njia nzima,
naye hakujifanya hasikii.