Gramu Arobaini

Mimi Kuruvila, mnunuzi wa pilipili manga,
duka la tatu ukishuka kutoka kanisani,
huku juu milimani Kerala ambako ukungu
huingia dukani kabla ya wateja
na hauulizi bei.

Miaka kumi na moja nimepima.
Jumamosi napima pilipili, Jumapili napima watu.
Nilikuwa na jicho, jamani.
Ningekuambia nani kaja na pombe ya jana kwenye pumzi,
nani kafunga Kwaresima kwa mdomo
huku tumbo lake likila bata gizani.

Na Rosakutty.
Rosakutty aketiye nyuma, karibu na viatu vyetu,
ambaye lori la kutoka Tamil Nadu hulala langoni kwake
usiku wa Alhamisi, taa zimezimwa.
Mimi ndiye mpitisha mfuko wa sadaka,
ule wa mahameli nyekundu, wenye mpini mrefu.
Kwake niliupitisha upesi,
kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.
Mara nyingine sarafu yake ilianguka sakafuni.
Sikuinama.

Februari akaja mkaguzi wa vipimo,
kijana mwembamba mwenye mafua
na kisanduku cha mawe ya shaba
yaliyolala kama ndugu wa tumbo moja, mkubwa hadi mdogo.
Akaweka jiwe langu la kilo upande huu, lake upande ule.
Langu likashuka.
Akaligeuza. Akalikwaruza tako kwa ukucha:
chini ya kutu mna kitundu,
na kitunduni risasi ya kuyeyushwa,
imezibwa kwa ustadi, imelainishwa kwa subira.
"Gramu arobaini," akasema,
akapenga kamasi, akaandika.

Sikuitia mimi risasi ile.
Jiwe nililirithi kwa baba, marehemu Ouseph,
aliyebeba msalaba mbele ya maandamano kila sikukuu,
ambaye kaburi lake hulipaka chokaa kwa mkono wangu.
Usiku ule nilimfungulia baba kesi.
Nikawa shahidi, nikawa hakimu, nikainua nyundo,
halafu nikatazama sahani ya wali mbele yangu.
Gramu arobaini kwa kila kilo.
Meno yangu haya. Karo ya binti yangu.
Sikuitia. Lakini niliila.

Nikafungua madaftari, nikaanza kurudisha.
Rosakutty nilimweka wa mwisho.
Ndiyo, wa mwisho. Hata toba yangu ilikuwa na foleni.

Lori lilikuwepo. Boneti bado ya moto.
Sikuuliza.
Nikampa bahasha, na maneno niliyoyapanga njiani
yakaniponyoka yote.
"Najua," akasema. "Tangu mwaka wa pili.
Ninayo mizani ya mama."
"Mbona hukusema?"
Akahesabu noti mbele ya macho yangu, bila haraka,
akilamba kidole.
"Kwa uso ule wako wa Jumapili?
Niliona mtu ameshikilia kitu kwa nguvu zote.
Mtu kama huyo humtikisi. Unamwacha achoke."
Kisha, akifunga lango:
"Na wenzako wanapunja zaidi."

Sasa ndugu zangu mnaosimama uani baada ya ibada
mkipima, nami nimo kati yenu, sijahama,
mnaniuliza mbona siku hizi nimekuwa bubu.
Si utakatifu. Ni woga wa mfanyabiashara.
Tumeambiwa tutapimiwa kwa jiwe letu wenyewe,
nami langu nimeligeuza.
Ninyi, ya kwenu mmeyageuza?

Jumapili iliyopita sarafu yake ilianguka tena,
ikabingirika hadi chini ya mabenchi.
Nilipiga magoti. Sikuiona upesi.
Kule chini ni nyayo tu, safu kwa safu,
zimepasuka visigino, zina vumbi,
na sikuweza kujua zipi ni za nani.