Mizani Haitimu

Huko bonde la Ica, nchini Peru,
jangwa limefundishwa kuzaa zabibu.
Maji hunyonywa ardhini kwa pampu
na mikono huletwa kutoka milimani kwa basi la usiku.

Eulogia Huamaní alishuka na mtoto mgongoni,
kopo la mahindi ya kukaanga
na hesabu aliyoijua kuliko Kihispania:
sanduku moja, kilo kumi, soli moja na nusu.

Hesabu haikuwa ngumu.
Ngumu ilikuwa mizani.

Ilisimama chini ya turubai, mwisho wa mizabibu,
kando ya kiti cha msimamizi Cabezudo,
chuma kitupu, uso wa kioo, tarakimu nyekundu.
Sanduku lililomvunja kiuno lilisoma tisa na ushei.
"Halijatimia," Cabezudo asema, macho kwenye daftari.
"Ongeza."
Akaongeza. Vishada viwili, vitatu,
na vishada hivyo havikuandikwa popote.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Wahenga hawakusema kibaba cha nani.

Kwetu neno mizani lina kazi mbili:
hupima mchele dukani, hupima mstari wa shairi.
Basi nimwazime Eulogia ubeti mmoja wa kwetu:

*Nimechuma tangu giza, hadi jua kunichoma,*
*Masanduku nikajaza, bila hata ya kukoma,*
*Jioni wanipunguza, kila kumi, moja nyuma,*
*Hesabu nawe, msoma, mizani haitimu.*

Umehesabu? Mshororo wa mwisho una kumi na tano.
Hukuhisi kitu. Ulisoma, ukapita.
Ndivyo unavyonyata wizi huu:
silabi moja hapa, gramu mia nane pale,
saa nzima ya foleni getini isiyoitwa kazi,
glovu zinazokatwa kwenye mshahara,
mkasi unaokatwa kwenye mshahara,
hata maji ya kunywa.

Jumanne alimpeleka Yerson kliniki.
Muuguzi akamlaza kwenye sinia baridi,
akaandika kwenye kadi kwa wino wa buluu:
kilo tisa, gramu mia nne.
"Anakua vizuri huyu."
Usiku ule Eulogia hakulala. Si kwa joto.

Jumatano, saa sita na nusu mchana,
zamu yake ilipofika hakuweka sanduku.
Alifungua blanketi, akamketisha mwanawe juu ya chuma.
Mtoto akashika nguzo kwa mikono miwili, akacheka.

Nane, nukta, sita.

Hakupiga kelele. Aliinua kadi tu,
kama abiria anayeonyesha tiketi.
Nélida aliyekuwa nyuma yake akaisoma kwa sauti,
na wa nyuma ya Nélida akairudia kwa Kikechua,
namba ikatembea mdomo kwa mdomo
hadi kwa wale walioko juani, wasioona kitu.

"Labda ameharisha," akasema Cabezudo.
"Watoto hupungua."

Mtu mmoja alicheka.
Kisha akanyamaza, akatazama masanduku yake,
midomo ikimchezacheza: alikuwa anazidisha.
Gramu mia nane, mara arobaini,
mara siku sita, mara misimu mitatu.

Alhamisi jina la Eulogia halikuwa kwenye orodha ya getini.
Mizani ilikuwa ile ile.
Ila Nélida alikuja na mfuko wa sukari wa kilo moja,
haujafunguliwa, lebo ikitazama nje.
Mwingine alikuja na chupa ya maji ya lita mbili.
Mzee Saturnino akabeba jiwe la kupimia viazi
alilorithi kwa mamake, limeandikwa tano kwa rangi ya kucha.

Wakajipanga foleni chini ya turubai.
Cabezudo akawatazama, akatazama vile vitu,
akaitafuta kalamu mfukoni
kwa muda mrefu sana.