Dole Gumba

Mlangoni mwangu paliandikwa RASILIMALI WATU.
Unyevu wa Shimanzi ukaila gundi,
herufi mbili zikadondoka nyuma ya kabati,
na kwa miezi minane
wapakiaji wa chai walisoma: RASILIMALI    TU.
Hawakucheka.
Walidhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu:
aliyechelewa, aliyekosa, aliyeacha bila kuaga.
Machi waliacha kumi na mmoja.
Nikaajiri kumi na mmoja,
nikawafundisha kupima, kushona gunia,
na kabla vumbi la chai halijakaa kwenye kope zao
nao wakaondoka.
Bwana Rashmikant akauliza kwa nini shehena ya Karachi imerudishwa,
magunia mepesi, mishono imefumuka.
Nikaandika ripoti. Nzuri, yenye majedwali.

Kisha ikaja mashine ya vidole.
"Hii haidanganyi," alisema Odipo wa uhasibu,
akiipapasa kama mtu na gari lake jipya.
Weka dole gumba, taa ya kijani, ingia.
Dzame Nyamawi akaweka lake.
Nyekundu.
Akalifuta kwenye leso, akaweka tena.
Nyekundu.
Mlinzi akamfungulia kwa mkono,
akashona magunia mia mbili na kumi siku ile,
na mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ikasema
Dzame hakuwahi kufika.

Alikuja ofisini, hakupiga kelele.
Alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kukopa.
"Mwanangu, hebu nitazamie."
Akaliweka dole juu ya meza.

Lilikuwa laini
kama kokwa ya mabuyu iliyokwisha kufyonzwa.
Hapana mstari, hapana duara.
Miaka kumi na tisa ya uzi wa katani
imeifuta alama ambayo Mungu hakumpa mwingine.
Ghala letu limemla jina,
kisha linamuuliza: wewe nani?

Wasema mcheza kwao hutuzwa.
Basi hapa, nikajiuliza, ni kwao nani?

Asubuhi niliiacha kompyuta, nikashuka ghalani,
mara ya kwanza bila karatasi ya kusainisha.
Nikauliza, nikanyamaza.
Kuuliza si kazi; kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho.
Mbodze akasema feri:
"Moja ikizima injini, sisi wa Likoni arobaini
tumeshakatwa nusu siku."
Kalama akasema feni, ile ya kona, tangu mwaka juzi.
Kijana mmoja, jina silijui,
na mkataba wake nilitia sahihi mimi,
akasema, "Sina neno. Ahsante kwa kuuliza."
Wiki iliyofuata aliacha kazi.

Nikapanda kwa Bwana Rashmikant na hesabu za namna nyingine:
bei ya feni, bei ya nusu saa,
bei ya kumfundisha mgeni fundo lilelile mara kumi na moja.
Odipo akabonyeza kikokotoo, akafuta, akabonyeza tena,
akakohoa.
"Kuwapoteza ni ghali kuliko kuwaweka."
Alisema kama anayezungumzia mashine. Nikamwacha.
Hesabu ilikuwa sahihi.

Zamu sasa huanza saa moja.
Dzame ana kadi, na mshahara aliodaiwa hayupo amelipwa,
na yeye ndiye huwafundisha wageni
mshono usiofumuka baharini.
Agosti wameacha wawili.
Karachi wameongeza oda; tumefungua mstari wa tatu.
Feni ya kona bado haijaja.
Kila Ijumaa Kalama hunipungia mkono, kisha huelekeza juu.

Jana nilivuta kabati, nikaziokota W na A,
moja ina utando wa buibui.
Dzame alikuwa anapita.
Akazibandika yeye, kombo kidogo,
akazikandamiza kwa dole lile
akihesabu taratibu hadi ishirini.
Alipoondoa mkono nilisogea kutazama:
plastiki safi, haina alama yoyote.

Nami namjua aliyeishika.