Mchongoma wa Kona

Nimeukata, Nandonde.
Usinijie ndotoni na fimbo.
Mchongoma wako ulioupanda mwaka wa njaa,
ukaunywesha maji ya kuoshea vyombo
kikombe kwa kikombe, Newala hii ya maji ya kununua,
nimeuteremsha mpaka hapa: gotini.

Ulikuwa uzio wa enzi ya baiskeli mbili.
Mtu akitoka Kitangari tulisikia kengele,
tukamjua ni nani, tukalijua na deni lake.
Sasa lami imepita.
Pikipiki haina kengele, ina haraka,
na Fuso la korosho
breki zake hulia baada ya kona, si kabla.

Mtendaji alikuja na kopo la rangi,
akachora mstari mwekundu kwenye shina:
"Mama, juu ya hapa ni njia ya macho."
Nilimcheka.
Macho nayo yanalipia kiwanja?

Kisha Jumanne ile.
Somoe wa Chilala, miaka tisa,
beseni la ming'oko kichwani,
alisimama pale, akachungulia.
Akaona majani.
Mwenye pikipiki naye akaona majani.
Majani yetu, Nandonde.

Ming'oko ilitapakaa mpaka kwa fundi redio.
Mtoto mzima, alhamdulillahi,
kandambili moja hatujaiona hadi leo.
Nami nilikuwa uani, hatua sita,
nasikia kila kitu,
sioni kitu.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.
Ulipanda wewe.
Kushuka umeniachia mimi.

Nilikata alfajiri, ukungu ungali umelala barabarani.
Miiba ilinikumbuka: viganja viwili, shavu.
Ndani ya matawi nikakuta mpira wa makaratasi,
kiota kitupu,
na kopo lako la ugoro, kifuniko bado kimebana.
Hilo nimeliweka ndani. Sijalifungua.

Sasa wapita njia wananiona nikipepeta.
Wanajua kanga yangu ipi imechanika.
Bafu nimelihamishia nyuma ya jiko;
aibu ina gharama, nimelipa.
Lakini vijana wa pikipiki wakifika hapa
wanalegeza mkono, hata njia ikiwa nyeupe.
Sijui kwa nini. Labda mtu akiona mbali
hukumbuka kwamba naye anaonekana.

Leo Somoe amepita.
Hakuchungulia. Aligeuza shingo tu,
kulia, kushoto, kulia tena,
beseni halikutikisika.

Mvua zikikolea utataka kupanda juu,
naujua ukaidi wake, ameurithi kwa mtu.
Panga nimeliegesha mlangoni.