Kitundu cha Barua

Saa tatu asubuhi, na Tampere haijaamka gizani.
Nakung'uta theluji kwenye mkeka wa mlangoni,
nafuta kamasi kwa glavu, nahesabu:
ghorofa tano, lifti hakuna,
na kadi za Krismasi nzito kama matofali.

Huku kwetu kila mlango una kitundu cha barua
chenye kope ya shaba.
Naiinua kwa kidole gumba,
na kabla sijasukuma bahasha
nyumba inanipumulia usoni.

Miezi kumi na moja pumzi hiyo haina habari:
sabuni, paka, soksi mbichi, kahawa iliyolala.
Lakini Desemba!

Ghorofa ya kwanza, kwa Aulikki, iliki.
Si ya kopo, hapana; anaitwanga sasa hivi,
ta, ta, ta, punje nyeusi zikivunjika.
Harufu yake huja baridi kwanza,
kama jani lililotafunwa,
kisha inakutana na siagi na maziwa ya moto,
inalainika, inavaa mwili.
Mkate wake umeumuka. Nimejua kabla yake.

Ghorofa ya pili milango miwili inashindana.
Kushoto, chungwa limechomekwa karafuu
na divai i motoni, haichemki, inatetemeka tu.
Kulia, kungumanga juu ya karoti na wali wa jokoni.
Nasimama katikati
nikijidai natafuta anwani.

Ghorofa ya tatu Eelis anapika tambi za pakiti.
Namsamehe. Ana mtihani.

Ya nne, kwa Tauno Ketola, nilikuwa nikipita upesi.
Zamani Hilkka alinisubiri nyuma ya mlango huo.
Nikisukuma barua ndani,
yeye husukuma biskuti nje,
ya tangawizi, umbo la nguruwe, bado ya moto:
"Posta na posta," akasema, nami nimlipe kwa kucheka.
Mwezi Februari nikapitisha hapo kadi za rambirambi,
na tangu siku hiyo kope ya shaba
inafungukia harufu ya ukuta.

Leo, sijafika hata nusu ya ngazi,
moshi.
Nikaruka daraja tatu tatu, barua zikimwagika,
nikainua kope:
sukari iliyoungua, mdalasini uliokasirika,
na ndani ya moshi, mbali,
kama mtu anayeita kutoka chumba cha nyuma,
tangawizi.

Tauno akafungua. Aproni ya mkewe, nyusi zina unga,
mkononi sinia ya nguruwe kumi na wawili
weusi kama viatu.
"Ya tatu hii," akasema.
Akanionyesha karatasi, mwandiko wa Hilkka,
kijiko cha hiki, nusu ya kile, ganda la chungwa,
kila kitu kipo.
"Dakika hakuandika. Nimetafuta hadi nyuma.
Miaka arobaini na sita, hakuangalia saa.
Alikuwa ananusa."
Kisha, kama mtu anayekopa nyundo kwa jirani:
"Pua yako inafanya kazi?"

Basi nikaketi sakafuni mbele ya joko,
mfuko wa posta magotini.
Kwanza siagi, peke yake, ya kitoto.
Halafu asali ya miwa, kahawia, ikipanda.
Karafuu ikatangulia, yenye kiherehere kama kawaida,
mdalasini ukaifuata ukiishika mkono.
Tauno akanyosha mkono kwenye mlango wa joko.
"Bado," nikamwambia.
Tukangoja. Hakuna aliyepumua kwa mdomo.
Tangawizi ikafika mwisho,
ikatuchoma kidogo nyuma ya pua,
pale machozi yanapoanzia.
"Sasa," tukasema wote wawili.

Ghorofa ya tano walipata barua zao saa sita kasoro.
Moja ina doa la siagi.
Hawajalalamika.