Mlango wa Kabati

Nyuma ya mlango wa kabati Mzevinari
ameandika kwa penseli, mwaka baada ya mwaka:
ua la kwanza kutoboa theluji, ishirini na tisa Aprili.
Nyuki, tarehe nne Mei. Kufyeka nyasi, Julai, mvua ikikatika.

Mumewe, alipokuwa hai, alimcheka:
mlima Ushba nao unauwekea daftari la mahudhurio?

Sasa tarehe zinarudi nyuma.
Kumi na tisa Aprili. Nane.
Mwaka huu Machi, na penseli
ilisita kidogo kabla ya tarakimu.

Maua yalitoka, yakaangaza huku na huku.
Hakuna mgeni. Nyuki wangali wamelala
kwenye mizinga ya Bekhani, kule bondeni.
Kisha baridi ikarudi usiku mmoja
kama mtu aliyesahau ufunguo,
na asubuhi petali zilikuwa nyeusi, zimelegea,
makapi ya chai.

Nyasi ndefu ndizo zilizofaidi.
Kwao ni chini; huku juu hakuna aliyezialika.
Zimewahi maji, zimewahi jua,
na aliyewahi ndiye aliyekaa.
Chini yake kuna vimaua vya buluu
(jina lake la Kisvani mjukuu halijui)
vinavyochungulia mwanga
kama mtoto nyuma ya umati.

Ng'ombe hawalalamiki. Maziwa tele.
Ila jibini, anasema Mzevinari akitafuna polepole,
imepoteza ule uchungu wa mwishoni.

Anafungua kabati. Tarehe zinamtazama.
Aliyechelewa husubiriwa;
aliyewahi mno, nani wa kumpokea?
Anachukua sahani. Anafunga.